Mama Popo na Mikaratusi ya Hospitali

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Mjini, kuanzia muuza magazeti hadi wagonjwa wa wodi ya mifupa, walimwita Mama Popo, na waliomwita hivyo kwa mapenzi walikuwa wachache. Alikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari, mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, mwenye sauti iliyokwaruzika kwa miaka ya kushindana na wanafunzi wa madawati ya nyuma. Hakujaliwa mtoto. Hilo ndilo lililokoleza jina, maana ulimi hauna mfupa: "Wanawe si wale wanaoning'inia hospitalini?" Alisikia, akameza, akaendelea na shughuli zake.

Alikulia palepale hospitalini, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizojipanga nyuma ya jengo la kufulia. Mama yake alikuwa mfuaji. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, yote yalipita mikononi mwake, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja na kupauka kama vya mtu aliyeishi ndani ya maji. Nje palikuwa na kamba za kuanikia, na juu ya kamba hizo ndipo balaa lilipokaa: mikaratusi mirefu ya zamani, iliyopandwa na watu wasiokumbukwa na yeyote, ikizifunika wodi za upande ule kwa kivuli chake kuanzia saa ya chai mpaka jioni. Kila mwaka msimu wa matunda ukikaribia, popo wakubwa wenye shingo za manjano walifika kwa kundi lisilo na idadi, wakajitundika hadi matawi yakainama. Kula walikula mbali huko msituni. Kujisaidia walikuja kujisaidia kwa mfuaji.

"Mungu kawapa mbawa, kawanyima choo," mama alikuwa akisema, huku akirudisha shuka kwenye beseni kwa mara ya pili.

Kaka mtu aliwashughulikia kwa manati. Alikuwa na shabaha ya kutisha. Siku moja alimwangusha mmoja karibu na beseni la sabuni, na dada yake, wakati huo bado anang'oka meno ya utoto, akamwokota kwa kitambaa. Alitazamia kuona shetani, kwa sababu kila mtu alisema ni shetani. Akaona uso wa mbwa mdogo, macho makubwa yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, na kidole kimoja chenye ukucha kikamshika kidole chake vilevile mtoto mchanga anavyoshika. Adhuhuri haikufika, popo akafa.

"Usilie," kaka akamwambia, "nitakuangushia mwingine."

Hakuwa anamdhihaki. Ndivyo alivyokuwa kaka yake: mwepesi wa mkono, mwema wa moyo, na mzito wa kuelewa.

Alisoma, akawa mwalimu, akaolewa na fundi wa majokofu, mtu mfupi mwenye masihara mengi ambaye karakana yake ilijaa majokofu yaliyofunguliwa migongo kama wagonjwa waliosahauliwa mezani. Siku ya harusi Fundi aliwaambia marafiki zake, "Wahenga walisema ukienda kwa popo lala miguu juu. Kumbe walikuwa wananiambia mimi." Lakini ndiye huyohuyo aliyemsukuma mkewe arudi chuoni, mvi za kwanza zikiwa tayari zimechungulia, akasomee shahada ya pili. Alimwambia, "Umeninyima usingizi na hao wadudu wako miaka yote. Bora wakupe na cheti."

"Si wadudu. Ni mamalia."

"Haya. Mamalia wako."

Profesa aliyempokea chuoni alikuwa mzee mnyamavu aliyekuwa na tabia ya kung'arisha miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Siku ya kwanza aliing'arisha sana.

"Wenzako wanawavalisha popo vidude vya kurushia mawimbi," alisema. "Tumeshajua kwamba wanaruka mbali mno, wanabeba mbegu, wanazidondosha mahali ambapo msitu ulishakatwa, na msitu unaota tena. Hilo tunalo. Tusichokuwa nacho ni watafanya nini jua likizidi kuwa hivi. Anatakiwa mtu akae chini ya mti saa sita mchana, siku za joto kali, aangalie. Ni kazi ya mtu mvumilivu au ya mjinga."

"Mimi ni mwalimu, Profesa. Ninazo sifa zote mbili."

Basi akarudi kwenye mikaratusi ya utotoni mwake, safari hii na darubini, mwavuli, na kipimajoto kilichofungwa juu ya mpini mrefu wa ufagio. Kila Jumamosi na kila likizo, jua likifika utosini, alikuwa pale. Wagonjwa walitoka vibarazani kumtazama anayetazama. Mlinzi wa chumba cha maiti alimletea kiti cha mbao.

"Kalia, mwalimu. Wateja wangu hawakihitaji."

Alichokiona pale hakukipata kwa siku moja. Joto likianza kuwa zito, popo hufungua bawa moja akajipepea polepole, kama bibi kizee aliyealikwa shughulini akachelewa kuletewa maji. Likizidi, hupepea mabawa yote mawili. Likizidi tena, hujilamba kifua na ngozi ya mabawa mpaka alowe, ili upepo upoze pale palipolowa. Mate yakikauka, hutweta mdomo wazi. Kisha huja lile jambo ambalo mwalimu alilisoma vitabuni, akawa hataki kuliona: wote kwa pamoja huacha matawi, hutambaa kuelekea shina penye kivuli, wakarundikana, wa juu wakiwakandamiza wa chini, na kule kujiokoa kwao ndiko kunakowapika. Baada ya hapo hakuna tabia nyingine ya kuandika. Huanguka.

Aliona pia kwamba walikuwa wanawahi kuja na wanachelewa kuondoka. Mvua zilikuwa zimevurugika, miti ya msituni ilizaa wakati popo hawapo na haikuzaa walipokuwepo, na hivyo mjini, penye mapera ya uani na mapapai ya watu, pakawa ndipo penye chakula cha hakika. Watu walisema popo wamezoea mji. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake kwamba hakuna aliyezoea kitu, ila mgeni ambaye kwao kumeungua hukaa popote atakapokaribishwa au kufukuzwa polepole.

Kisha ukaja mwaka wa joto lenyewe.

Mabati ya nyumba yalilia mchana kutwa. Lami ililainika, viatu vikawa vinaacha alama. Karakana ya Fundi ilifurika, watu wakileta majokofu kwa mikokoteni, wengine wakiyabeba vichwani, wakimsihi kama wanamsihi daktari. "Joto likipanda, mimi nashiba na wewe unalia," alimwambia mkewe. "Hii ndoa au mzani?" Alicheka peke yake, akaona uso wa mkewe, akaacha.

Popo walianza kuanguka siku ya Jumanne mchana. Walianguka kwanza mmojammoja, kama mtu anayedondosha soksi zilizolowa kutoka ghorofani, baadaye kwa vishindo. Ulikuwa msimu wa kuzaa. Wengi waliodondoka walikuwa majike wenye vitoto kifuani, na vitoto vingine vilikuwa bado vinanyonya maziwa ya mama aliyekwisha kufa. Mwalimu alivaa glovu nzito za mumewe za kushikia gesi, akachukua pampu ya kunyunyizia maji bustanini, akawanyunyizia walio hai, akawaokota, akawaweka kivulini kwenye maboksi ya dawa. Mlinzi wa chumba cha maiti alimsaidia hadi mkuu wake alipomwita. Ndugu wa wagonjwa walisimama mbali, kanga na mashati puani.

Juma hilohilo mtoto mmoja alifariki katika wodi ya watoto. Alikuja na homa yake kutoka nyumbani, na waliomtibu waliujua ugonjwa wake kwa jina. Lakini kifo hakikosi sababu, na sababu iliyokuwa chini ya dirisha ilikuwa inaonekana kwa macho, inanuka, na ina mabawa. Kabla juma halijaisha, mji mzima ulijua kwamba popo wameleta maradhi.

Redio ya mji ikamwita mwalimu. Alishukuru. Aliamini, kama walimu wengi wanavyoamini, kwamba watu hukosea kwa sababu hawajaelezwa. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye sauti ya asali, akamwekea maji ya kunywa, akamwacha azungumze mpaka akaridhika. Mwalimu alieleza kila kitu: kwamba popo hawa wamekufa kwa joto na si kwa ugonjwa, kwamba joto hilohilo ndilo linalowalaza wazee hospitalini, kwamba mikaratusi ile ndiyo inayopoza wodi, kwamba msitu ukipona utaponywa na popo. Mwishoni mtangazaji aliuliza kama ni salama kumwokota popo aliyeanguka. Naye, kwa kuwa alikuwa mkweli na kwa kuwa lilikuwa jibu sahihi, akasema, "Hapana, usimguse kwa mikono mitupu. Popo, kama mnyama yeyote wa porini, anaweza kuwa na vijidudu vinavyoweza kumdhuru binadamu."

Neno likitoka halirudi. Jioni, akiwa anakatakata vitunguu jikoni, aliisikia sauti yake mwenyewe kutoka redio ya jirani, baada ya kengele ya taarifa ya habari: *Usimguse. Popo anaweza kuwa na vijidudu vinavyoweza kumdhuru binadamu.* Ilikuwa hiyo tu. Joto, wazee na msitu vilikuwa vimebaki sakafuni mwa studio. Ikarudiwa asubuhi. Ikarudiwa mchana. Sokoni mwanamke mmoja alimshika mkono, akamwambia, "Ahsante, mwalimu, umetufumbua macho."

Alikwenda redioni. Mtangazaji alimwomba radhi kwa upole wote. "Mwalimu wangu, watu hawana muda. Inabidi tuwape lile lenye uzito."

"Umenikata shingo ukabakiza mdomo."

"Lakini maneno ni yako, au si yako?"

Yalikuwa yake.

Mkutano uliitishwa katika ukumbi wa hospitali. Mganga Mkuu, mtu mpole wa tai na leso ya jasho, alikuwa ameutamani uwanja ule wa mikaratusi siku nyingi kwa ajili ya maegesho ya magari. Hakuficha, alikuwa amewahi kumwambia mwalimu mwenyewe, kwa kucheka, kwamba popo wake wamemkalia kiwanja. Safari hii hakucheka. Mwalimu alipomaliza kusema, akiwa na michoro yake ya joto na kivuli mkononi, Mganga Mkuu alisimama, akatoa simu mfukoni, akaisogeza kwenye kipaza sauti. Ukumbi mzima ukamsikia Mama Popo akiwakana popo.

"Si mimi ninayesema," alisema Mganga Mkuu. "Ni mtaalamu wetu."

Watu walipiga makofi. Baba wa yule mtoto aliyefariki alikuwa amekaa safu ya mbele, hakupiga makofi, alitazama viatu vyake. Mwalimu alipomwona, akaikunja michoro yake. Ungemwambia nini mtu yule kuhusu msitu?

Kaka yake alikuja nyumbani siku mbili baadaye, mchana, akiwa amevaa shati la kanisani. Tangu aache manati alikuwa amekua na miti: alianza kwa shoka, akaenda kwenye msumeno wa mikono, sasa alikuwa na misumeno ya mashine, lori na vijana wa kazi. Hapakuwa na mkata miti mwingine mjini mwenye kamba na ujuzi wa kuangusha mti mrefu kati ya majengo bila kuvunja kigae. Mwalimu alipoona lile shati, alijua.

"Wamekupa wewe," alisema.

"Dada, kaa kwanza."

"Nimeshakaa."

"Nisipokata mimi, watamleta mtu kutoka mbali, aangushe mti juu ya wodi. Unajua mwenyewe kazi ya watu wengine. Mimi nikikata, angalau..."

"Angalau nini, kaka?"

Alizungusha kofia yake mikononi. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na bisibisi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutafuta utani.

"Sikuzuii," mwalimu akasema mwishowe. "Nimeshindwa, nimekubali. Ninaomba kitu kimoja. Vile vitoto havijui kuruka. Mama zao wanaviacha matawini wakienda kula. Subiri vipate mabawa, halafu kata. Kundi zima litaondoka lenyewe mkianza kelele. Mwezi na siku kidogo. Niahidi hilo."

"Nimekuahidi."

"Kaka."

"Nimekuahidi, mtoto wa mama." Akampa mkono, na alikuwa anamaanisha. Hilo ndilo lililomuuma mwalimu kuliko yote baadaye, kwamba alimaanisha.

Mwezi ule ulikuwa haujaisha ulipofika msimu wa mitihani ya taifa, na mwalimu alipangiwa kusimamia. Shule ilikuwa upande wa pili wa bonde, na upepo ukitoka hospitalini sauti zilivuka. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kufungua karatasi za somo la asubuhi aliposikia mlio wa kwanza. Alidhani ni pikipiki. Ukarudi, mrefu, ukapanda, ukashuka, ukasagika, na mara ukanyamaza kwa namna ambayo mashine hunyamaza ikiwa imemaliza kitu. Kisha kishindo.

Sheria ya mtihani haina mjadala: msimamizi hatoki nje ya chumba mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe. Alitembea kati ya madawati. Aliwatazama watoto wa watu wakitafuna kalamu. Msumeno ulilia tena. Msichana mmoja wa safu ya dirishani, mwanafunzi wake wa biolojia, aliinua kichwa, akatazama bonde, akamtazama mwalimu, akainama haraka. Popo walikuwa wamejaa angani mchana kweupe juu ya hospitali, wakizunguka kama majivu ya karatasi iliyochomwa, wasijue pa kutua. Mwalimu aligeukia ubao. Ubaoni palikuwa pameandikwa saa ya kuanza na saa ya kumaliza, akazisoma hizo tena na tena, kwa kuwa hazikuwa na mabawa.

Alipofika hospitalini, mti wa mwisho ulikuwa umelala. Harufu ya mkaratusi ilikuwa kali, safi, kama ya dawa ya mafua. Matawi yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye milango ya wodi, na vitoto vya popo vilikuwa ndani ya matawi hayo, vingine vimebanwa, vingine vikitambaa kwenye vumbi na kuita. Sauti yao ni ndogo, ya juu, kama ya kufuli kavu. Mama zao waliruka juu wakaja, wakaruka wakaja, wakashindwa kushuka kwa ajili ya watu na mashine. Vijana wa kaka yake walikuwa wanavikusanya kwa koleo na kuvitia katika shimo la kuchomea taka.

Kaka alimwona, akazima msumeno.

"Walipiga simu asubuhi. Wakasema ama leo, ama kazi apewe mwingine. Nimekupigia, simu yako ilikuwa imezimwa."

"Nilikuwa kwenye mtihani."

"Nimekupigia, dada. Uliza vijana."

"Nimeamini. Ulinipigia."

Mama yao alikuwepo. Kwa uzee wake sasa aliishi kwa kaka, na asubuhi ile alikuwa ameomba aletwe na lori, akitaka kuishuhudia kwa macho yake siku ambayo mashuka yangepumzika. Walimwekea kiti kwenye mlango wa jengo la kufulia. Mwanzo alishangilia, vijana walisema. Kila mti ulipoanguka alipiga vigelegele. Sasa mikono yake iliyojikunja ilikuwa imelala mapajani, akitazama lile shimo.

"Nilitaka waondoke," alimwambia binti yake. "Maisha yangu yote nilitaka waondoke. Hivi sikutaka."

Mwalimu alivaa glovu akaingia katika matawi. Alivitoa alivyoweza. Fundi alikuja na maboksi, na mlinzi wa chumba cha maiti naye akaja, safari hii bila kumwogopa mkuu wake. Walivipeleka nyumbani, wakavinywesha maziwa kwa bomba la sindano, wakavitundika kwenye taulo zilizoanikwa kamba ya uani. Havikuishi. Waliotunza wanyama mahali pengine wamefanikiwa, lakini wana dawa, wana maziwa maalumu, wana watu. Hawa walikuwa na taulo. Fundi ndiye aliyezika cha mwisho, nyuma ya karakana, akarudi akakaa mezani bila kunawa.

Maegesho yalijengwa. Hakuna aliyependa kuegesha pale, kwa sababu viti vya gari viliunguza mapaja. Na wodi za upande ule, ambazo tangu kujengwa kwake hazikuwahi kukutana na jua la mchana uso kwa uso, zilikutana nalo msimu wa joto uliofuata. Mabati yalikuwa meusi kwa uzee, dari ilikuwa ya mbao nyembamba, na madirisha yalikuwa madogo, maana aliyeyajenga alijenga kwa ajili ya kivuli.

Mama alilazwa humo. Kilianza kifua, kikafuata kizunguzungu. Kitanda chake kilikuwa cha ukutani, upande wa maegesho. Ukuta ukiugusa saa nane mchana ulikuwa kama ubavu wa chungu. Fundi alileta feni, akavuta waya kutoka ofisi ya wauguzi, umeme wa wodi nzima ukakatika, akaambiwa aondoe feni yake. Ikabidi kumpepea kwa mkono. Kaka hakumwachia mtu. Alikata boksi la dawa kwa kisu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akampepea mama yake kuanzia asubuhi hadi wageni wanapofukuzwa, misuli ya mkono ule ulioangusha miti ikitetemeka. Mwalimu alilowesha kitambaa akampangusa mama kifua na mikono. Alijua kwa nini anapangusa pale na si pengine. Alijua kinachofuata baada ya mate kukauka. Kuna ujuzi ambao mtu angelipa ili auvue kama nguo.

"Mama, kunywa kidogo."

"Nimekunywa." Hakuwa amekunywa. "Mbona mmewasha jiko humu?"

Alifariki mchana wa siku ya nne, kukiwa kweupe, watu wakinunua machungwa getini. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Pengine ulikuwa moyo. Alikuwa mzee, na mzee hakosi ugonjwa. Mwalimu hakuwahi kusema vinginevyo kwa mtu yeyote.

Kaka aliweka lile boksi chini. Alisimama dirishani, palipokuwa na ule uwanja mweupe unaometa, akabaki amempa dada yake mgongo.

"Sema," alisema.

Hakusema.

"Sema, dada. Sema lile ulilonalo, ulimalize."

Alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa kinywani tayari, lenye makali yote liliyohitaji. Aliutazama ule mgongo mpana wenye jasho, akavuta shuka la hospitali, akamfunika mama yao uso. Mpaka leo hajalisema. Watu waliosikia habari hii humsifu kwa uvumilivu. Fundi, aliyemjua zaidi, aliwahi kumwambia kwa upole kwamba angelisema siku ile, kaka yake angelia, wangegombana, na pengine wangepona. "Umemnyima hata matusi," alisema. Naye akajibu kwamba anajua.

Tasnifu yake ilipita. Mtahini kutoka chuo kingine, mwanamke mchangamfu, alimsifu sana kwa maelezo ya tabia za popo wakati wa joto, ila akauliza kwa nini takwimu zinakatika ghafla kabla ya msimu kuisha.

"Miti ilikatwa."

"Pole sana. Na nani?"

Profesa alianza kung'arisha miwani yake.

"Na kaka yangu," mwalimu akasema. Mtahini alidhani ni mzaha, akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akafungua ukurasa unaofuata.

Nyumbani Fundi aliwaita majirani waje kula pamoja. Kaka alikuja. Alikaa karibu na mlango, akala alichopewa, akampongeza dada yake kwa kumshika mkono, akaondoka kabla ya chai. Sasa wanazungumza kupitia kwa Fundi: mwambie dada yako hivi, mwambie kaka yako vile. Kwenye misiba ya ukoo wanakaa mkeka mmoja.

Popo hawakuonekana mjini msimu huo wala ule uliofuata. Mapera yalioza uani. Kisha asubuhi moja ya kipindi cha kwanza, mkuu wa shule, mtu mpya aliyehamishiwa pale majuzi, asiyejua la mji wala la mwalimu, alimwita nje. Kwenye miti ya zamani nyuma ya bweni la wasichana, kundi dogo lilikuwa limejitundika. Lilikuwa dogo sana. Mtu aliyewahi kuona lile la hospitalini angedhani ni masalia ya kitu kilichofagiliwa.

"Mwalimu wa biolojia," alisema mkuu wa shule, mikono kiunoni. "Wazazi wameshaanza kunipigia. Niambie ukweli wa kitaalamu. Hawa viumbe wana madhara? Wana magonjwa?"

Mwalimu alitazama juu. Jike mmoja alikuwa na kitoto kifuani. Jua lilikuwa bado changa, hakuna aliyekuwa anajipepea. Jibu sahihi alilijua, lote, pamoja na mipaka yake na tahadhari zake. Angeweza kulifundisha usingizini, na mwanafunzi ambaye angeliandika vinginevyo kwenye mtihani angemkata alama bila huruma.

"Hawana lolote," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mkuu. Ni kama kuku."

Mkuu wa shule alishusha pumzi, akamshukuru, akaenda zake ofisini kuwajibu wazazi. Mwalimu alibaki pale kidogo. Kengele ikalia. Akakusanya chaki zake akaingia darasani, akafuta ubao, na sauti yake iliyokwaruzika ikaanza somo palepale lilipoishia jana.